Vijiti Vitano, Jibu Moja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika, maana sina mtu wa kumwambia. Nikiongea peke yangu maabara, mlinzi atadhani nimerukwa na akili. Kwenye karatasi mtu anaruhusiwa.

Habari yenyewe ni kwamba Pacha ameondoka. Si pacha wangu wa kuzaliwa. Ni jina tulilopewa wote wawili hapa chuoni, kwa sababu miaka mitatu hatukuachana: meza moja, sinki moja, hata mafua tuliambukizana kwa zamu. Amepata kazi kwenye kampuni ya kupima maji, mji mwingine. Aliniambia Alhamisi jioni tukifunga mlango, na safari ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nikamwambia, "Haya, safari njema," kama ninavyomwambia mtu niliyekutana naye kwenye foleni ya benki.

Amebeba kikombe chake, koti lake na viatu vyake vya akiba. Ameniachia taa yake ya mezani, ile kuukuu yenye balbu ya moto, aliyoinunua duka la mitumba na kuiwasha kutwa nzima, jua liwake lisiwake. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini, akawa anajibu, "Naipenda tu." Leo nimeichomoa ukutani nikaisukuma ndani ya kabati chini ya sinki. Kama ni kuondoka, kuwe kuondoka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimekoroga wino mpya mwenyewe. Zamani yeye alikoroga, mimi nikadondosha.

Alhamisi, 7 Machi

Profesa amekuja, koti linadondosha maji. Ndiye msimamizi wangu. Ni mtu mrefu asiyekaa kitini. Mazungumzo yote huyafanya mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwenzako kaenda," amesema.

"Najua, Profesa."

"Kazi inaendelea?"

"Inaendelea."

"Mvua zikiisha kamati inakaa kugawa vyumba. Watu wa idara ya udongo wanakitaka chumba hiki. Niletee vijiti vitano vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, vinavyotoa jibu moja. Bila hivyo sina cha kukutetea nacho."

Akaondoka. Chumba kikienda, shahada yangu ya uzamivu inaenda nacho, maana hakuna maabara nyingine hapa itakayonipokea nikiwa katikati ya njia.

Acha niandike kazi yenyewe ni nini, kwa kuwa mama huniuliza kila mara na kila mara namjibu vibaya. Ndani ya chai na juisi za matunda kuna antioksidanti, vitu vinavyoukinga mwili usichakae, kama rangi inavyokinga chuma na kutu. Kila chupa dukani imeandikwa kwamba imejaa vitu hivyo. Nani kapima? Mashine ya kuvipima ni kubwa kama friji, na bei yake haitamkiki. Sisi tunatengeneza kijiti kama kalamu, chenye ncha ya kaboni. Juu ya ncha tunadondosha tone la wino mweusi. Ndani ya wino huo kuna vijineli, yaani mirija midogo, vya kaboni na chembe za dhahabu, vidogo kiasi kwamba hata ukivibebanisha kwa mamia havifikii unene wa unywele. Tone likikauka, kijiti kimepata ulimi. Ukikichovya kwenye chai na kupitisha umeme kidogo, antioksidanti nazo zinaachia umeme wao, na kwenye skrini kinainuka kilima. Kilima kirefu maana yake antioksidanti ni nyingi. Ndiyo kazi yote.

Ila ulimi mmoja hautoshi. Vijiti vitano vikionja chai ileile lazima viseme neno lilelile, la sivyo ni uvumi tu wa vijiti.

Jumamosi, 9 Machi

Birika moja la chai, vijiti vitano, majibu matano. Cha kwanza kinasema chai imejaa kila kheri. Cha nne kinasema ni maji ya kuoshea vyombo.

Jumatatu, 11 Machi

Kwenye kona ya barabara ya chuo kuna mama anayekamua juisi chini ya mwavuli mkubwa. Tunamwita Mama Juisi. Siku zote tulinunua vikombe viwili, kimoja cha kupima na kimoja cha Pacha kunywa. Leo nimenunua kimoja.

"Mwenzako yuko wapi?" ameuliza.

"Kasafiri."

"Anarudi lini?"

"Mimi si mama yake."

Amenitazama kidogo, akapangusa kikombe. "Haya mwanangu. Na hiki unakinywa, au unaenda kukitesa?"

"Naenda kukipima."

"Miaka yote hii unaipima juisi yangu, hujawahi kuniambia kama ni tamu."

Ni kweli sijawahi kuionja.

Jumanne, 12 Machi

Vitano, majibu matano.

Jumatano, 13 Machi

Vilevile. Mvua haijakatika tangu asubuhi.

Jumapili, 17 Machi

Pacha amepiga simu. Niliitazama ikilia mpaka ikanyamaza yenyewe. Jumapili iliyopita pia alipiga.

Kisha akapiga mama.

"Miwani unavaa?"

"Navaa, mama."

Uongo. Miwani inanibana pua, iko ndani ya droo tangu mwaka juzi. Kazi yangu ni ya karibu, nikiinama vizuri naona.

"Unakula na nani?"

"Nakula, mama."

"Sikuuliza kama unakula."

Nikamwambia mtandao unakatikakatika.

Chumba ninachopanga kina ukuta mwembamba. Jirani ana redio, na jioni kuna kipindi cha vichekesho. Leo nimejigundua ninacheka kila jirani anapocheka, na neno lenyewe lililomchekesha sijalisikia.

Alhamisi, 21 Machi

Nimebadilisha maji. Nimebadilisha sindano ya kudondoshea. Ncha nimezisugua upya kwenye unga mweupe wa kung'arishia, nikizizungusha kama ninaandika nane, mpaka zikang'aa kama kioo. Nimeosha, nimesuuza, nimekoroga wino mara tatu. Majibu matano. Nimepiga meza kwa kiganja, na sasa kiganja kinauma.

Jumatatu, 25 Machi

Nilikuwa nalaumu mvua. Leo nimekumbuka kwamba mwaka jana mvua ilikuwa mbaya kuliko hii. Ilivuja mpaka ndani ya dari, na tulifanya kazi ndoo ikiwa katikati ya chumba. Na vijiti vilikubaliana kama watoto wa baba mmoja. Wino ni uleule na chai ni ileile. Kilichobadilika ni mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akikoroga wino.

Jumatano, 27 Machi

Leo nimekaa na wazo hilo kutwa, na kadiri nilivyokaa nalo ndivyo lilivyonona.

Kwanza nilijiambia haiwezekani. Kanuni tumeiandika wote wawili, imebandikwa ukutani juu ya sinki, kwa mwandiko wake na masahihisho yangu: pima, koroga, dondosha, acha ukauke. Kisha nikaanza kumwona. Namwona amenipa mgongo, anakoroga, anaimba chinichini. Namwona akinyoosha mkono rafuni. Mkono ulichukua nini? Miaka mitatu namtazama na sijui mkono wake ulichukua nini. Halafu mtu huyohuyo anapata kazi nzuri, anaficha mpaka siku ya mwisho, anaondoka, na kesho yake vijiti vinakuwa bubu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijiona mjinga wa wajinga, mtu aliyeachiwa chungu na viungo vikaenda na mpishi.

Niliumia. Niandike hivyo wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Niliumia tangu ile Alhamisi, ila maumivu hayakuwa na pa kukaa. Leo yamepata kiti.

Nikamwandikia ujumbe: "Uliweka nini kwenye wino ambacho hukuniambia?"

Sikuanza hata na salamu. Niliutuma nikiwa nimesimama, kisha nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikafagia chumba ambacho hakikuwa kichafu.

Jibu limekuja jioni. "Sikuweka kitu. Miaka mitatu ulisimama pembeni yangu. Kama uliuona mkono wangu ukificha, ungesema siku hiyohiyo." Baada ya muda kidogo likaja la pili: "Sitakusumbua tena kwa simu. Namba yangu unayo."

Nimelisoma hilo la pili zaidi ya la kwanza. Hakuna tusi ndani yake. Angenitukana ningepata la kujibu.

Jumapili, 31 Machi

Simu haijalia. Nilikuwa nimejiandaa kutoipokea.

Jumatano, 3 Aprili

Nilipokuwa nasafisha friji ya maabara nimekuta, nyuma kabisa, kichupa cha wino wa Pacha. Ni wa mwaka jana, umeandikwa kwa mkono wake, na kuna uso unaocheka kauchora pembeni. Nikasema leo ndiyo leo. Huu ndio wenye siri, na vijiti vitasema.

Nimeutikisa, nimedondosha, nimeacha ukauke, nimechovya. Majibu matano.

Nimekaa chini sakafuni kabisa, mgongo kwenye kabati. Wino wake umeshindwa kama wangu. Hakuficha kitu. Nimemwita mwizi mtu aliyenichorea uso unaocheka kwenye chupa ya wino.

Alhamisi, 4 Aprili

Hasira hasara. Nimeandika "nisamehe" mara kadhaa, nikafuta. Nitamwambia nini? Kwamba nilimpima na yeye, na kipimo kilikuwa kibovu?

Jumanne, 9 Aprili

Nimepita ofisi ya Profesa saa ya chakula. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alikuwa anakula mkate mkavu huku anasoma, na kiti cha mgeni kimejaa mafaili. Siku zote nilidhani hakai kwetu kwa sababu ya dharau. Leo nimedhani labda hakuna aliyewahi kumwambia "karibu ukae". Sikuingia. Ningeingia kumwambia nini, na mimi sina jibu moja?

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua imepungua. Watu wa udongo wamekuja kupima chumba kwa kamba. Wana adabu sana, wameniomba radhi. Mmoja kaniuliza kama sinki linavuja. Nimemwambia halivuji. Kwa nini nidanganye?

Jumatatu, 15 Aprili

Mama Juisi: "Huyo mwenzako mmegombana."

Nikampa hela ya kikombe kimoja.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu," kasema, akaendelea kukamua.

Jumatano, 17 Aprili

Niandike polepole, nisije nikaruka kitu.

Mchana wingu lilishuka, chumba kikawa kama jioni. Nilitaka kuzichunguza ncha kama zina mikwaruzo, na sikuona kitu, hata nilipoinama mpaka kijiti kikanigusa pua. Nikakumbuka taa. Nikafungua kabati chini ya sinki, nikaitoa imejaa vumbi, nikaichomeka kwenye kona yake ya zamani. Balbu ikawaka na harufu ileile ya vumbi linaloungua. Nilisimama pale kidogo. Harufu ile ndiyo ilikuwa asubuhi zetu zote.

Mikwaruzo haikuwepo. Basi, kwa kuwa vijiti vilikuwa tayari na taa ilikuwa inawaka, nikadondosha wino palepale mwangani, nikaviacha vikauke, nikaenda kuchemsha chai. Nilivyorudi nikachovya cha kwanza. Kilima. Cha pili, kilima kilekile. Cha tatu nilikichovya nikiwa nimefumba macho, kama mtoto. Cha nne. Cha tano.

Vilima vitano vimelaliana kwenye skrini kama shuka zilizokunjwa na mtu mmoja.

Sikupiga kelele. Niligeuka kumwambia mtu, na nyuma yangu palikuwa na sinki.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimerudia kwa makusudi: vitano chini ya taa, vitano upande wa dirisha. Kisha nimevitazama vyote kwa lenzi. Vya dirishani vina duara jeusi ukingoni na katikati patupu, sawasawa na alama inayoachwa na chai iliyomwagika mezani. Hewa ya mvua imejaa maji, tone linachelewa kukauka, na kadiri linavyochelewa vijineli vinakimbilia pembeni, kila tone kwa namna yake. Chini ya taa tone linakauka upesi, kila kitu kinabaki mahali pake, na ncha nzima inakuwa ya kijivu, laini.

Mwaka jana mvua ilinyesha na taa ikawaka. Mwaka huu mvua imenyesha na taa nimeizima mimi.

Ukutani imeandikwa "acha ukauke". Hatukuandika "chini ya taa ya Pacha", maana taa haikuwa kazi. Ilikuwa tabia yake tu, kama kuimba. Vifaa vyote vya chumba hiki ninavijua kwa namba zake, na kile kilichoshikilia kazi yetu nilikihesabu takataka.

Jumanne, 23 Aprili

Nimempelekea Profesa habari ofisini. Nimesema, "Karibu uje uone," naye akaja. Nilimsogezea kigoda kabla hajafika mlangoni. Alikitazama, akaketi. Nikachovya vijiti vya mkupuo mpya mbele yake, chai kwanza, kisha juisi. Vitano, jibu moja, mara mbili.

Aliinamia skrini, akavihesabu vilima kwa kidole. Kisha akasema, "Watu wa udongo watafutiwe chumba kingine."

"Asante, Profesa."

"Nani kagundua mambo ya taa?"

Nilitaka kusema mimi, maana lenzi niliishika mimi. "Taa ni ya Pacha," nikamwambia. "Jina lake litangulie kwenye andiko."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Sasa unasubiri nini?" akauliza, akiwa bado amekaa.

Jumapili, 28 Aprili

Nimepiga mimi. Simu ililia sana mpaka nikadhani haipokelewi.

"Haloo."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Sijaifuta namba yako."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi na yote yakanitoka. Nikaanza na kazi, kwa kuwa kazi ndiyo lugha niliyozoea. "Haikuwa wino," nikasema. "Ilikuwa taa yako." Nikamweleza yote, duara jeusi, hewa ya mvua, watu wa udongo na kamba yao. Nikafika kwenye ule ujumbe wangu, nikamwambia, "Nilikukosea sana, Pacha. Nisamehe."

"Iliniuma," akasema. "Nilikuwa kwenye basi nilipousoma. Nilipitiliza kituo changu."

"Najua."

"Hujui. Ila yameisha." Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha maabara. "Yaani taa ile? Miaka mitatu tunasifu dhahabu, kumbe ni taa ya mitumba?"

Tulicheka wote. Jirani redio yake ilikuwa imezimwa, na kicheko kilikuwa changu mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini alinificha habari ya kazi. Akasema wiki tatu alikuwa anataka kuniambia, na kila alipofungua mdomo aliniona nimefurahi na vijiti vyangu, akaufunga.

"Na hebu niambie," nikasema, "uliipendea nini taa ile? Joto lote lile."

"Mimi? Sikuipenda hata siku moja. Ilinichoma shingo miaka mitatu."

"Sasa?"

"We si hutaki kuvaa miwani. Ulikuwa unadondosha wino pua iko juu ya kijiti. Nikikuambia uvae, unanuna mpaka jioni. Nikaona heri ninunue taa."

Niliishika simu kwa mikono miwili. Kule kwake nilisikia sahani zinagongana, nyumba ya watu wengine nisiowajua.

"Ndiyo maana uliiacha?" nikauliza.

"Ningeibeba, wewe ungeonea nini?"

Tumeagana muda si mrefu. Ana kazi asubuhi, na mji wake uko mbali kama ulivyokuwa jana. Jumapili ijayo nitapiga mimi. Kesho nitanunua vikombe viwili kwa Mama Juisi, na kimoja nitakinywa palepale mbele yake.

Mvua imekatika na chumba kimya. Nimetoa miwani kwenye droo, nimeivaa kuandikia haya, na pua inauma kama zamani. Herufi zote naziona mpaka mwisho wa mstari. Taa nitaendelea kuiwasha vilevile.